Tozo ya Nafasi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Nimelishona mwenyewe kwa vipande vinavyobaki kwenye kazi za watu. Zamani vipande hivi tulikuwa tunawashia moto. Sasa hata kipande kina heshima yake. Rimu ya karatasi ilikuwa elfu nane mwaka ulipoanza. Wiki jana elfu kumi na moja. Leo elfu kumi na mbili na mia tano, na muuza karatasi ananitazama kama anayenifanyia hisani. Anasema ninunue leo, kesho nisije kumlaumu.

Kiwandani tumebaki wawili. Mimi na Shemeji, kaka wa marehemu mume wangu. Yeye na mashine ya chapa, mimi na wateja na ankara. Mwaka jana tulikuwa watano. Sikio lake la kushoto liliondoka na kelele za ile mashine siku nyingi, kwa hiyo ukitaka akusikie lazima uzunguke upande wa kulia. Asipotaka kukusikia, anageuka yeye.

Redio imesema asubuhi kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Mama Mkwe, ambaye hujibizana na redio kama jirani yake, akaiuliza: umeshukia kituo gani, mbona sisi tungali tunausubiri?

Mchana akaja yule afisa wa manunuzi wa serikali. Tunamwita Bwana Tai kwa sababu hata jua likiwaka namna gani hafungui tai yake. Shemeji anasema bado hajajua kama ni tai ya shingoni au tai wa mizoga. Ameleta kazi: kadi mia nne za mwaliko. Karatasi nene, maandishi ya dhahabu yaliyonyanyuka. "Semina ya Kubana Matumizi ya Serikali." Siku nne, hoteli ya ufukweni.

Nikasoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Nikamkumbusha kazi tatu za nyuma ambazo hazijalipwa. Akasema ziko kwenye mchakato. Mchakato! Toka mwezi wa saba.


Alhamisi, 6 Machi

Kadi zimekwenda. Zimependeza sana, na hilo ndilo linaloudhi.

Nimeitwa Jengo la Mapato. Ghorofa nane, jipya kabisa, bado linanuka rangi, na mlangoni kuna chemchemi ya maji inayoruka juu na kushuka, mchana kutwa, bila mtu kuichota. Mtaani kwetu maji yanatoka Jumanne na Ijumaa.

Nilichoitiwa: sijalipa kodi ya mauzo ya zile kazi tatu.

"Sijalipwa hizo kazi, dada," nikamwambia binti wa dirishani.

"Ankara umetoa?"

"Nimetoa."

"Basi kodi inaangalia ankara. Haiangalii mfuko."

"Lakini ambaye hajanilipa ni serikali. Na anayenidai ni serikali."

Akanitazama kwa huruma, kweli, haikuwa dharau. "Mama, hizo ni idara tofauti."

Laki tisa na kumi na nane elfu. Faini inaanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi.

Sina ugomvi na kodi, na hili naliandika hapa ambapo hakuna wa kumdanganya. Zahanati iliyompokea mume wangu siku zake za mwisho ilijengwa kwa kodi. Ninachotaka ni nikitoa, nione imetua wapi. Leo nimeiona. Inaruka juu, inashuka, inaruka tena.


Jumamosi, 8 Machi

Mkate bei ile ile. Nikaubeba mkononi, nikaona mwepesi. Mwokaji hakukataa. Akasema wateja wakiona bei imepanda wanagomba, wakiona mkate umepungua wanakaa kimya, kwa hiyo kachagua amani.

Nimempitia Mwalimu, duka la tatu kutoka kwetu. Alinifundisha darasa la tano na la sita. Sasa amestaafu, anauza na kuazimisha vitabu vilivyotumika. Vitabu hadi darini. Anapokea pensheni ya laki na kumi, na anasema ni ile ile ya miaka sita iliyopita, ila sasa inafika ikiwa imechoka, haiwezi hata kubeba gunia la unga.

"Mfumuko wa bei ni kodi pia, mwanangu," akasema. "Tena hii haikupi risiti."

Kisha akacheka mwenyewe. Meno yamebaki machache lakini kicheko kizima.


Jumanne, 11 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi Bwana Tai amekuja na gari, si kwa miguu kama siku zote. Na mtu mwingine nyuma yake, mwembamba, mkimya, na kitabu kikubwa kwapani. Akaomba tufunge mlango wa mbele. Mchana kweupe! Shemeji akafunga. Akaomba tufunge na madirisha ya upande wa barabara.

Kazi yenyewe: ilani elfu sita na mia mbili. Karatasi wanaleta wao, imehesabiwa. Kila itakayoharibika irudishwe, hata iwe nusu. Yule mwembamba atakaa nasi hadi mwisho, kazi yake kuhesabu. Mimi na Shemeji tukatakiwa kutia saini ya kutunza siri na kurudisha kila karatasi. Nikitimiza, malimbikizo yangu yote yanalipwa siku ya kukabidhi. Yote, milioni tano na laki moja. Hundi imeshaandikwa, akasema, imebaki kutolewa tu.

Tukasaini. Nani asingesaini?

Walipotoka kushusha karatasi ndipo nikasoma kile tunachotakiwa kuchapa.

"Kwa mujibu wa Sheria ya Tozo ya Nafasi iliyopitishwa tarehe 28 Machi, unatakiwa kulipa..." Halafu nafasi tupu ya jina. Elfu mbili kwa kila mita ya mraba ya eneo la biashara kwa mwezi, kuanzia miaka miwili nyuma. Siku kumi na nne. Ukishindwa, mlango unafungwa kwa lakiri na mali inanadiwa.

Nikaisoma tarehe tena. Nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, kama vile kalenda ingenisaidia. Leo ni tarehe 11.

Nikazunguka upande wa kulia wa Shemeji, nikamwonyesha kwa kidole. Akavaa miwani. Akavua.

"Wameshaipitisha?" akauliza.

"Bado."

"Sasa hii inasema imepitishwa."

"Ndiyo."

Akaenda kuosha rola za mashine, ingawa zilikuwa safi.


Jumatano, 12 Machi

Kitu kimenigonga nikiwa naosha vyombo. Elfu sita na mia mbili. Vibandiko vya leseni za biashara za mwaka huu nilivichapa mimi mwenyewe mwezi wa kwanza. Vilikuwa elfu sita, mia moja themanini na saba. Biashara zote za mji huu, kubwa na ndogo.

Kumi na tatu ni za akiba.

Nikadhani labda zilikuwa kwa wakorofi, kwa wanaokwepa. Kumbe hawakuchagua mtu.


Ijumaa, 14 Machi

Redio: wananchi wote wanakaribishwa ukumbini Jumatano kutoa maoni juu ya pendekezo la tozo ya nafasi. Mtangazaji akarudia mara mbili kwamba bado hakuna kilichoamuliwa.

Mama Mkwe akaniambia niende nikaseme. "Wewe una mdomo. Tena wa kusoma."

Nikamwambia nitaona.

Jioni mapema akaja Mwalimu. Ameandika fomu ya kukusanya saini za kupinga tozo. Mwandiko wake ule ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Anataka nakala mia tatu, atalipa kidogo kidogo. Nikasema sitaki hela yake. Akashika mkono wangu kwa mikono yote miwili.

Mashine ile ile, na wino ule ule.

Nusura nimwambie. Yule mwembamba alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti chake, kitabu magotini. Shemeji ameshampa jina: Kikokotoo. Hakuinua uso, ila kalamu yake ilisimama.


Jumapili, 16 Machi

Nimepima. Nilijizuia siku tano, leo nimepima kwa hatua wakati hakuna mtu.

Duka la Mwalimu ni mita ishirini. Laki tisa na sitini elfu. Pensheni yake karibu ya miezi tisa, asile, asioge, asiumwe.

Kiwanda chetu mita tisini. Milioni nne, laki tatu na elfu ishirini.

Nikachukua kiasi cha ile hundi ninayosubiri. Nikatoa kodi ya mauzo. Nikatoa tozo. Watanilipa kila senti wanayodaiwa, na siku hiyo hiyo nitabaki nadaiwa laki na thelathini na nane elfu.

Nimehesabu mara nne. Hesabu haina kosa, na ningefurahi ingekuwa nalo.


Jumatano, 19 Machi

Nimetoka ukumbini.

Ulijaa hadi madirishani. Washona viatu, wenye mabucha, mama wa saluni na vibanio bado viko kwenye nguo, mwokaji na unga wake. Meza ya mbele watu watano wa kamati, kila mmoja na chupa ya maji na daftari. Bwana Tai kasimama kando, mikono nyuma.

Watu waliongea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kama wangepiga kelele tu ningejisikia nafuu. Mwenye bucha alikuja na hesabu zake kwenye kipande cha katoni, akazisoma moja moja, jasho linamtoka. Mama wa saluni akauliza kama kiti anachokalia mteja kinahesabiwa hata siku ambazo hakuna mteja. Wa kamati wakaandika. Nilikuwa kiti cha pili, nikamwona mmoja anachoandika. Visanduku. Anachora kisanduku, anakijaza wino, anaanza kingine.

Mwalimu akasimama mwisho. Ukumbi ukanyamaza bila kuambiwa, nusu yao aliwafundisha.

"Mimi si adui wa kodi," akasema. "Nimefundisha miaka thelathini na minne, na mshahara wangu ulitoka kwa watu hawa. Ninachouliza ni kidogo. Kitabu kinaweza kukaa rafuni mwaka mzima kinamsubiri msomaji mmoja. Huyo mmoja akija, mwaka haukupotea. Sasa mnataka kitabu kilipie mahali kilipokaa. Mwisho wake nitaweka vitu vinavyotoka haraka. Sijui nitaweka nini. Labda soda. Na nyie mtakuwa mmepata tozo yenu, na mtaa utakuwa na soda."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti naye akapiga, taratibu. Akasema maoni haya ni dhahabu, yatazingatiwa, bado hakuna kilichoamuliwa.

Kisha Mwalimu akageuka. Kipaza sauti mkononi. "Mwanangu, wewe una kiwanda. Huna la kusema?"

Akanipa.

Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nikamwona Bwana Tai. Hakukunja uso, hakunitishia kwa lolote. Aligusa tu mfuko wa koti lake, kifuani, kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo.

Nikasema: "Naunga mkono aliyenitangulia."

Nikakaa. Watu wakanipigia makofi hata mimi.


Alhamisi, 20 Machi

Tumeanza kuchapa. Milango imefungwa, taa zimewashwa saa tano asubuhi kama kuna msiba.

Shemeji hajanisalimia. Kila nikipita anageuza sikio lile la kushoto. Saa saba nikazunguka, nikasimama mbele yake.

"Sema basi."

"Nikuambie nini, shemeji? Jana ulishasema."

"Ulitaka niseme nini mbele yao? Mishahara yako ya miezi miwili iko kwenye ile hundi."

"Mshahara wangu," akanisahihisha. "Ni mmoja tu, haujawahi kuwa mingi." Kisha akapandisha mkono wa mashine, na huwezi kubishana na ile kelele.

Mwalimu akagonga kufuata fomu zake. Sikuweza kumfungulia mlango. Nikampitishia dirishani, furushi mia tatu, limefungwa kamba. Akauliza mbona tumejifungia, kuna mgonjwa? Nikasema vumbi linaingia kwenye wino.

"Mungu akuzidishie," akasema.

Nyuma yangu ilani zilikuwa zinadondoka kwenye trei, tap, tap, tap.

Mchana Shemeji alipotoka kunawa, Kikokotoo aliongea kwa mara ya kwanza tangu aje. Sauti laini, hata sikuitegemea. Akaniuliza bila kunitazama:

"Na kibanda cha hatua tatu kwa mbili? Nacho kinapimwa?"

"Cha nani?"

"Cha vitambaa. Cha mke wangu."

Nikamwambia kama kina leseni kinapimwa. Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye kitabu chake, akaandika idadi ya saa hiyo.


Jumamosi, 22 Machi

Nimechukua moja.

Mbovu, kona imepakwa wino, ilikuwa kwenye rundo la za kurudisha. Kikokotoo alikwenda chooni. Nikaikunja mara nne nikaitia ndani ya daftari hili. Tarehe inasomeka vizuri kabisa. 28 Machi.

Sikupanga. Mkono ulitangulia.

Mtu akiiona hii kabla ya Ijumaa atajua. Mwalimu akiisimamisha mbele ya watu, hawataweza tena kusema bado hakuna kilichoamuliwa. Labda. Sijui. Angalau waone aibu kidogo.

Kesho nampelekea.


Jumapili, 23 Machi

Nilifika hadi mlangoni kwake. Niliwasikia ndani, yeye na mwokaji na mama wa saluni, wanahesabu saini. Elfu mbili na kitu. Mwalimu alikuwa anacheka.

Nikageuka.

Hundi inatoka kesho tukikabidhi. Nikasema moyoni: acha kwanza niishike mkononi, kisha nitampa. Siku moja haiui mtu.


Jumatatu, 24 Machi

Kikokotoo alihesabu mbele ya Bwana Tai. Karatasi zilizoingia elfu sita na mia tatu. Ilani nzima elfu sita na mia mbili. Mbovu tisini na tisa.

Akahesabu tena. Tisini na tisa. Mara ya tatu vidole vilikuwa vinakwenda polepole sana, na nadhani alikuwa anatamani ipatikane kuliko mimi.

Bwana Tai akafunga mlango mwenyewe, kwa mkono wake.

"Iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini Shemeji alishasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anafutia wino:

"Nilifutia mafuta nikawashia jiko la chai. Ilikuwa imechanika. Sikujua karatasi siku hizi zina ndugu."

"Ulisaini kwamba kila moja inarudi."

"Nilisaini. Macho yangu nayo hayaoni vizuri."

Bwana Tai akakifunga kitabu cha Kikokotoo. Kisha akamwambia wafuatane, maelezo mafupi tu ofisini kwake, Jengo la Mapato. Shemeji akavaa shati juu ya fulana, akafunga vifungo vyote. Mlangoni akanigeukia.

"Rola usiache na wino. Ukikauka hautoki."

Ilani zikapakiwa garini. Hundi sikupewa. Kesho, akasema.

Nimeosha rola. Nimeziosha mara mbili.


Jumanne, 25 Machi

Hajarudi.

Nimekwenda Jengo la Mapato. Mapokezi wanasema hakuna mtu wa jina hilo. Polisi wanasema hawana taarifa. Nikarudi mapokezi, wakasema labda idara nyingine.

Mama Mkwe hakunilaumu. Ameniuliza tu mwanawe alivaa nini. Nikamwambia shati la bluu. Akasema hilo ni jepesi. Redio ikasema semina ya kubana matumizi imefunguliwa rasmi na wajumbe wote wamefika salama. Hakuijibu. Akainuka akaizima, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.


Alhamisi, 27 Machi

Jengo la Mapato. Ghorofa ya nne. Saa tano na robo asubuhi.

Bwana Tai amenipigia simu mwenyewe. Nije, mambo yamekamilika. Nikaja na daftari kwenye mkoba, karatasi iko ndani yake, imekunjwa. Sikujua niiache wapi. Nyumbani walishapita watu jana, wakasema wanakagua nyaya za umeme.

Mezani ameniwekea vitu viwili sambamba. Hundi. Milioni tano na laki moja, jina langu limeandikwa bila kosa. Na karatasi ya maelezo, imeshachapwa, kwamba Shemeji peke yake alichukua hati ya serikali kwa nia ya kuiuza, na kwamba mimi nilimwona.

"Yuko wapi?" nimemwuliza.

"Yuko sawa."

"Nataka kumwona."

"Saini kwanza. Maelezo yakishakamilika, kesi inakuwa nyepesi. Faini tu. Tunamsaidia, mama."

"Na nikisema si yeye?"

Kwa mara ya kwanza amelegeza tai yake, kidogo, kwa kidole. Akasema yeye pia ana mama mwenye duka. Akasema ilani zimeshagawanywa kwa mitaa tangu jana, ziko kwenye maboksi, kesho saa kumi zinatoka. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusimamisha jambo lililofika hapo, si mimi wala yeye. Kilichobaki ni kila mtu kuangalia watu wake.

Nadhani anaamini anachosema. Ndiyo maana naogopa.

Simu yake ikaita. Akanipa kalamu, akasema kama kuna la kuongeza niandike chini, kisha nisaini. Ametoka. Namsikia mwisho wa korido, anasema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa.

Naandika humu badala ya kule.

Dirisha hili linatazama chini, kwenye mlango mkuu. Mwalimu yuko pale. Nimemtambua kwa koti. Ana katoni ya saini mikononi, hataki kuiweka chini kwa sababu sakafu imelowa na ile chemchemi. Nyuma yake mwokaji, mama wa saluni, mwenye bucha, kama watu thelathini, arobaini. Kuna mtu na kamera pia, wa gazeti nadhani. Binti wa mapokezi anachukua fomu moja moja, anapiga mhuri, anaweka pembeni. Mhuri, pembeni. Mhuri, pembeni. Mwalimu anamshukuru kwa kila moja.

Katoni inakaribia kuisha. Wakimaliza wataondoka.

Nikimpa Mwalimu ile ilani, watajua ilitoka kwangu, na Shemeji atakuwa amesema uongo mbele yao bure. Nisipompa, atakuwa ameusema bure vile vile. Hilo ndilo nimekuwa nikilizunguka siku tatu.

Hundi nimeigeuza uso chini. Bado iko pale mezani.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Korido mkono wa kulia anakozungumza yeye. Ngazi ni kushoto. Lifti siiamini, ina mtu wake.

Ngazi za hapa ni za vigae, kila hatua inasikika jengo zima. Nimevua viatu, ilani iko mkononi.

Amenyamaza. Sijui kama amekata simu au anasikiliz—